Mkono Huulizwa Kesho Yake

Msimu wa maembe ukifika Bwera, wilayani Kasese, watoto hutungua kwa mawe, na katika kila kundi yupo mmoja ambaye wenzake humwachia embe la juu kabisa. Huyo hatumii nguvu za kuonekana. Anarudisha mkono nyuma, anageuza kiuno, jiwe linaondoka na embe linaanguka. Sokwe ana misuli ya kututisha, lakini akirusha kitu, kasi yake ni kilomita 30 hivi kwa saa. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea kurusha humwacha mbali sana. Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Neil Roach walieleza sababu katika jarida la Nature: bega la binadamu huvutwa nyuma kama mpira wa manati, likaweka nguvu, kisha likaiachia kwa mkupuo.

Mchezo unaoishi kwa mkupuo huo ni besiboli, na Uganda imeshaingia humo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Tangu hapo kijana yeyote mwenye mkono mzuri, hata huku kwetu chini ya Rwenzori, ana haki ya kuota. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya kijana ambaye ndoto yake imekatizwa na kiwiko, akapumzika miezi, na sasa anasema amepona. Tutajuaje kama amepona kweli?

Tuanze na kilichoumia. Upande wa ndani wa kiwiko kuna ligamenti, ukano mfupi mgumu unaofunga mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha. Mrushaji anapoanza kuuleta mkono mbele, kigasha hubaki nyuma, na kiwiko hutaka kufunguka upande huo wa ndani. Wanasayansi wa viungo wamepima msokoto huo kwa warushaji wazima wa kiwango cha juu wakapata nyutoni mita 64 hivi. Kwa lugha ya nyumbani, ni kama kumning'inizia mtu jerikeni iliyojaa, ya lita 20, kwenye kifundo cha mkono, ivute kiwiko kwa upande. Ligamenti peke yake, ilipojaribiwa maabara, ilikatika kwenye nusu ya mzigo huo. Nusu nyingine hubebwa kwa msaada wa misuli ya kigasha, ile inayokunja vidole na kugeuza kiganja chini. Misuli ikichoka, jerikeni yote inaiangukia ligamenti. Na hiyo ni mara moja. Katika mechi mrushaji hurudia hilo mara 80 au 90.

Usidhani ni habari ya besiboli tu. Mkuki hutesa ukano huohuo, na mkuki upo katika michezo ya shule zetu. Kila mtoto aliyemwona Mkenya Julius Yego akirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 alitamani kujaribu. Mwalimu wa michezo wa Kasese ambaye hajawahi kushika mpira wa besiboli anaweza kuutumia ushauri huu wote.

Zamani ligamenti ikikatika, mrushaji alikwenda nyumbani. Tarehe 25 Septemba 1974 daktari Frank Jobe alimpasua Tommy John, mrushaji wa Dodgers hao hao. Alichukua kano ya msuli kutoka kigasha cha mkono wake mwingine, akatoboa mifupa ya kiwiko, akaipitisha kano mle kama kamba. Yeye mwenyewe alikadiria nafasi ya kufaulu kuwa moja kwa mia. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989. Kati ya ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya upasuaji. Kano yenyewe unaweza kuitafuta sasa hivi: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kidogo kifundo cha mkono. Uzi unaoinuka katikati ndio huo. Wengine hawana, na hawajawahi kuukosa.

Kano iliyohamishwa haiwi ligamenti kwa siku moja. Mishipa ya damu huota ndani yake polepole, nyuzi zake hujipanga upya, na kazi hiyo huchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo aliyepasuliwa hurudi mechini baada ya miezi 12 hadi 18, na takribani wanne kati ya watano hurudi kiwango chao cha awali. Wengi wa vijana wetu, hata hivyo, hawatapasuliwa. Ligamenti imevutika au imechanika sehemu, wamepumzishwa, wamechuliwa na mzee wa kijijini, maumivu yamekwisha. Kuchua hulegeza misuli na nawaheshimu wazee wetu, lakini hakuungi ukano uliokatika, na eksirei safi si ushahidi kwamba umeunga, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa. Ultrasaundi, ikiwa na kipimio cha tishu za karibu na ngozi na mikononi mwa anayeijua kazi hiyo, inaweza kuonyesha kama kiwiko kinafunguka zaidi ya kile kizima kinaposukumwa. Mtoto aliye chini ya miaka 16 ana jambo jingine: gegedu la ukuaji ndani ya kiwiko bado halijawa mfupa, na mara nyingi ndilo huachana kabla ya ligamenti.

Sasa kijana wetu yuko uwanjani. Kosa kubwa la watu wazima ni kukimbilia kasi. Kasi hurudi mapema, na ndiyo inayopigiwa makofi. Shabaha hurudi mwisho, kwa sababu ubongo lazima ujifunze upya mkono uliobadilika. Nikiona mrushaji aliyekaa nje mwaka mzima akirusha kwa nguvu lakini mpira unapaa juu ya glovu ya mdakaji, simkatai wala simsifu. Naandika tarehe, nasubiri. Natazama kwanza miguu yake. Nguvu ya kurusha hupanda kutoka ardhini, ikapita nyonga na kiwiliwili kabla ya kufika begani, na watoto wa milimani, wanaopanda na kushuka kila siku kwenda shule, mtaji huo wanao. Aliyeumia huogopa, akafupisha hatua, akamaliza kazi yote kwa mkono. Hapo mpira unaweza kwenda kasi ileile huku kiwiko kikilipa zaidi.

Kisha namlaza chali, kiwiko kikiwa sawa na bega, nageuza kigasha chake nyuma na mbele hadi kikome. Mkono wa kurushia hugeuka nyuma zaidi na mbele kidogo kuliko mwenzake, na hilo ni la kawaida kwa aliyeanza utotoni. Jumla ya mizunguko hiyo miwili ndiyo inayopaswa kulingana kwa mikono yote. Ikipungua upande wa kurushia, bega halijawa tayari, na deni lake litadaiwa kwenye kiwiko. Namwuliza pia kuhusu ganzi katika kidole cha pete na cha mwisho. Mshipa wa neva wa vidole hivyo hupita nyuma ya kiwiko, na kijana asipoulizwa hasemi.

Mara nyingi hasemi hata akiulizwa. Kutoka Kasese hadi Kampala kwenye majaribio ni zaidi ya kilomita 300, nauli imechangwa na ukoo mzima, na mwenye macho ya kuchagua wachezaji huenda asirudi. Kijana anameza vidonge vya maumivu asubuhi ya majaribio, na siku hiyo anang'aa. Huo ndio uchungu wangu katika jambo hili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 ulilinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao wazima: kurusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka kuliambatana na uwezekano mara 36 wa kufikia upasuaji. Mwongozo wa Marekani wa Pitch Smart unaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku kwa wenye miaka 15 na 16, na aliyefika 76 apumzike siku 4. Anayerudi kutoka jeraha aanze chini kabisa ya hapo: mita 14 kwanza, kisha 18, 27, 37, siku moja kurusha na moja kupumzika, na kurusha kutoka kilima cha mrushaji baadaye.

Kwa hiyo hukumu isitolewe jioni ya majaribio. Mwalimu apige simu alfajiri. Je, kiwiko kimenyooka chote, sawa na kile kingine? Ameinua jerikeni kwa mkono upi? Uchovu wa nyama za begani na mgongoni unatarajiwa. Uchungu unaoonyeshwa kwa kidole kimoja, pale pale kwenye mfupa wa ndani wa kiwiko, hautarajiwi. Akisita kujibu, mazoezi ya siku hiyo yafutwe, hata kama mgeni mwenye kipima kasi amelala hotelini mjini akisubiri.