Grafu Haina Ushkaji

Msee wa Kianjai. Kaa hapo, sogeza jaba kando, nikuchekeshe.

Unajua ile stori ya kila jioni base. Buda wa stage anatushow vile alikuwa anatoka hapa na Hilux imejaa gomba, anaingia Nai chai ya mathe haijapoa. Spidi alipimaje? Kwa vijiti. "Nilichana vijiti saba tu, nikaona Thika." Saba, maze. Tunamcheka hadi machozi.

Sasa mbogi ikachanga ganji, tukashuka Nai, GP Karting pale Carnivore. Nauli ilikuwa imetutafuna vizuri, na gokati hukuuzii raha, inakuuzia dakika. Kila kona unayoharibu, hesabu chapo mbili na madondo zimeenda.

Nikatoka nimevimba, helmeti kwapani, natembea polepole kama nimemaliza Safari Rally Naivasha. Nilikanyaga mafuta mwanzo mwisho, haki! Halafu yule boy wetu wa nduthi, mpole hivyo, akanipita na karibu sekunde nzima kwa lapu. Nikasema yake ina injini mpya. Msee akichapwa, gokati ndiyo mbovu. Hiyo ni sheria.

Noma ni kwamba alikuwa ameweka RaceChrono kwa simu zetu zote mbili. Akalaza mistari yetu moja juu ya nyingine: spidi inapanda juu, umbali unaenda kando. Mwisho wa ile nyoosho, mstari wangu uko juu. Nikapiga mluzi. Kufika kona, ukaanguka hadi 22 kwa saa. Wake? 27. Na kutoka hapo wake ukakaa juu ya wangu karibu hadi breki inayofuata. Mluzi ukaisha.

Shika hii. Injini ya gokati ya kukodi ni kadogo, spidi ukiimwaga kwa kona unaitafuta nyoosho nzima. Alafu ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, haina difu kama ile ya Hilux, kwa hivyo tako likiteleza, tairi zinajikwaruza na injini inalia. Drifti yako ni tamu kwa TikTok. Kwa grafu ni breki.

Na ile "mwanzo mwisho" yangu? Katikati ya kona ya haraka mstari umelala. Mguu uliogopa bila kuniambia.

Usijiamini sana na simu lakini. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde. Ukienda 54 kwa saa, hiyo ni mita 15 imesinzia. MyChron 5, ile wasee wa mashindano hufunga kwa usukani, inasoma mara 10, yaani kila mita moja na nusu, na waya wake kwa kebo ya plagi unahesabu mizunguko ya injini. Bei? Usiulize kama nduthi yako bado iko na loni. Lakini kuna mafala wananunua glavu, suti, hadi viatu vya reisi, na grafu hawajawahi kufungua. Aibu ya bei ghali.

Raundi ya pili nikaacha ushujaa. Breki mapema kidogo, nikaiachilia kabla ya kukata usukani, mafuta polepole. Ile 22 ikawa 25, zaidi ya nusu ya pengo ikapotea. Boy bado alinichapa, tena akipiga miayo.

Nyumbani fathe akaona ule mstari wa kupanda na kushuka kwa simu, akaguna. "Moyo umeanza kukusumbua lini?" Mathe akaweka uji motoni. Nikakimbilia base kwa wasee wanaoelewa mambo, nikampata buda wa stage peke yake. Akaivuta simu hadi puani, akakodoa, akaweka kidole pale kwa 22.

"Hapa ulikuwa kijiti cha ngapi?"