Kufundisha Ghuba Mbali na Bahari

Mwalimu wa Mandewa, mjini Singida, afikapo kwenye somo la ghuba hukabili watoto ambao wengi wao hawajaiona bahari. Pwani iko karibu kilometa 700 kwa barabara. Ni rahisi basi kuwaambia kwamba ghuba ni kama Ziwa Singidani, ila kubwa zaidi. Sisi twaona kwamba mfano huo wafaa kwa ukingo uliopinda tu. Zaidi ya hapo wapotosha.

Singidani halina mto wa kulitoa maji. Mvua huliongeza, jua hulikausha, chumvi na magadi hubaki. Heroe, ndege wale wenye rangi ya waridi, huyapenda maji ya namna hiyo. Matumbawe hayawezi kuishi humo.

Sasa tutazame Ghuba ya Chole huko Mafia, iliyo kati ya kisiwa kikuu na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili katika muda upatao saa 25. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Palipopita mashua asubuhi, alasiri watu huenda kwa miguu wakitafuta pweza mashimoni. Hiyo ndiyo siri ya ghuba, na kila kiumbe hukaa kwa kuifuata. Mikoko husimama ukingoni. Chini yake huota majani ya bahari, malisho ya tasi na kasa. Matumbawe hukaa penye maji safi yapenyayo mwanga.

Matumbawe ni wanyama, si mawe. Wanafunzi watabisha, tuwaache wabishe, kisha tuwaeleze kwamba mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka yakafa, ingawa eneo hilo lilikuwa limekwisha kufanywa hifadhi ya bahari tangu 1995. Jiwe halifi kwa joto la maji.

Zana ni beseni na mchanga. Tuujenge mchanga kwa mteremko: vijiti juu, majani katikati, kokoto chini. Mwanafunzi mmoja ajaze maji kwa kikombe, mwingine ayateke polepole, wengine waandike kipi chaonekana kwanza. Hapo ndipo tuwaulize: maji yakipwa, pweza ajifiche wapi?