Pikipiki ikilala, adui wake ni maji

Pleti namba za pikipiki nyingi za Ujerumani zina kitu cha ziada. Upande wa kulia kuna tarakimu zilizobebana, tuseme 04 juu na 10 chini, katikati mstari mfupi. Hiyo ni miezi: chombo hiki kina ruhusa ya kuwa barabarani kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Wenyewe wanaiita Saisonkennzeichen, na imekuwepo tangu 1997. Mwenye pikipiki huchagua miezi yake, isipungue miwili wala isizidi kumi na mmoja, akalipa kodi na bima ya kipindi hicho tu. Nje ya msimu haruhusiwi kuiendesha, wala hata kuiegesha kando ya barabara ya umma. Uingereza nako kuna SORN, tangu 1998: unaitaarifu serikali kwamba chombo kimetoka barabarani, hudaiwi kodi, ila ukionekana nacho mtaani utajieleza.

Kwa mtu aliyekulia kwenye bodaboda haya ni mapya. Kwetu pikipiki hailali. Boxer ya Tandika au ya Kisumu inapakia abiria kabla jua halijachomoza, na ikisimama siku mbili mfululizo ujue kuna jambo: fundi, polisi au msiba. Ndiyo maana ndugu zetu wengi wanaonunua pikipiki ya kwanza huku Ulaya hawaoni ugumu wowote Oktoba inapoisha. Wanaitupia turubai la nailoni, wanachomoa ufunguo, wanaingia ndani kunywa chai. Aprili wanabonyeza stata, inalia tiki, kimya. Lawama yote anabebeshwa baridi.

Baridi anaonewa. Chuma hakidhuriki kwa kukaa kwenye nyuzi sifuri. Kinachoua pikipiki iliyosimama ni maji, na yana njia nyingi za kuingia, nyingine huwezi kuziona kwa macho. Karibu kila hatua ya kulaza pikipiki ni namna ya kuyafungia mlango mmoja.

Petroli ndiyo mlango wa kwanza. Ujerumani inauza E10, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu 2011. Uingereza iliifanya kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, na Marekani imo karibu kila kituo. Ethanoli ni alkoholi, na alkoholi hupenda maji. Huyavuta kutoka kwenye hewa inayoingia tangini kila joto linapopanda na kushuka. Mwanzoni maji hayo hubaki yamechanganyika na mafuta na huoni chochote. Yakizidi kiasi, takriban nusu asilimia ya ujazo, na hasa usiku baridi inapokaza, mchanganyiko unaachana: maji na ethanoli vinashuka chini pamoja, petroli inabaki juu. Na mafuta ya kwenda kwenye injini huchotwa chini.

Petroli ina ugonjwa wa pili usiohusu maji. Sehemu zake nyepesi huruka, zinazobaki hukutana na hewa zikageuka ulimbo wa rangi ya chai. Kwenye kabureta kuna jeti ya mwendo wa chini ambayo, kwa pikipiki nyingi ndogo, tundu lake halifiki nusu milimita. Tone moja la ulimbo huo likikaukia hapo, injini itawaka ukiwa umeshika chok na kuzima ukiiachia, na fundi wa Ulaya atakutoza saa nzima ya kazi kwa kitobo usichoweza kukiona bila miwani.

Kwa hiyo tangi la chuma lijazwe karibu na mdomo, ukiacha nafasi kidogo ya mafuta kutanuka. Mafuta yakijaa, hewa yenye unyevu inakosa pa kukaa na kutu inakosa pa kuanzia. Jazo la mwisho la msimu mimi huweka Super Plus, ambayo Ujerumani huuzwa ikiwa E5. Ni senti chache zaidi. Tia dawa ya kutunza petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu zunguka nayo mtaani robo saa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa: mtu anamimina dawa tangini na kuzima taa, wakati kabureta au nozeli bado zimejaa mafuta yasiyo na dawa. Ukiwa na kabureta, ukirudi funga koki, fungua skrubu ya chini ya bakuli lake, mwaga kilichomo.

Maji ya pili yanatengenezwa na injini yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutoka ekzosti kama mvuke, lakini sehemu hupenya kando ya ringi za pistoni na kuangukia kwenye oili, pamoja na masizi na asidi. Injini ikipata moto sawasawa, unyevu huo hufukuzwa. Isipopata moto, unabaki humo na asidi yake ukilamba beringi. Ndiyo sababu oili hubadilishwa kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha, hata kama bado ina kilomita zake.

Na ndiyo sababu ninagombana na kila ndugu anayewasha pikipiki dakika tano kila Jumapili ya Januari, eti injini isisahau kazi. Anaongeza maji kwenye oili, anajaza maji mengine ndani ya ekzosti, na anachota kwenye betri umeme mwingi kuliko anaourudisha. Kama huna barabara ya kuiendesha nusu saa hadi ipate moto kabisa, usiiguse.

Walio na pikipiki ya rejeta wasikilize hapa. Kwetu fundi akiona rejeta imepungua huchukua chupa ya maji ya bomba, na kwa joto la Morogoro hakuna atakayejua. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na usiku mmoja wa nyuzi kumi chini ya sifuri unatosha kupasua bloku. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mtu usiyemjua, mwaga kilichomo kwenye rejeta yake, weka kulenti mpya.

Betri inastahili maneno mengi kuliko yote, maana ndiyo inayotupwa mapema kuliko yote. Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na tabia yake haijabadilika sana tangu hapo. Inapotoa umeme, asidi huungana na risasi na kinachobaki kwenye kimiminika kinaelekea kuwa maji matupu. Matokeo yake betri iliyojaa chaji huvumilia baridi kali kuliko baridi yoyote ya Ujerumani, lakini iliyoisha huweza kuganda kwenye nyuzi kama saba tu chini ya sifuri na kupasuka tumbo. Hata ikinusurika, fuwele za salfeti zilizojengeka kwenye bamba zake hukomaa, na chaja haiziondoi tena.

Betri hujimaliza yenyewe ikiwa imekaa, na saa ya dashibodi au alamu huiharakisha. Ichomoe, hasi kwanza ndipo chanya, uipeleke mahali pakavu, uichomeke kwenye chaja ya kutunza, ile inayojua kuacha ikishajaa. Chaja ya zamani ya gari isiyo na akili hiyo itaichemsha. Ukipima volti 12.6 au zaidi baada ya kuiacha itulie, uko salama. Ikishuka chini ya 12.4, irudishe kwenye chaja. Betri za lithiamu zina chaja zao, na si mahali pa kubahatisha.

Mengine ni ya haraka. Osha pikipiki, ikauke kweli, paka cheni mafuta ingali safi. Jaza matairi upepo hadi kiwango cha juu anachoruhusu mtengenezaji, na kama una stendi inyanyue, la sivyo isogeze kidogo kila mara ili uzito usikae sehemu ileile ya tairi. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu, hubadilishwa kila miaka miwili, na huu ni wakati mzuri wa kukumbuka. Ziba mdomo wa ekzosti na wa hewa kwa kitambaa dhidi ya panya, ukifunga kipande chake kwenye ufunguo usije ukakisahau. Ujerumani kuna pia Marder, mnyama jamii ya kicheche, ambaye sifa yake kubwa ni kutafuna waya za magari ya watu.

Turubai la nailoni litupe. Linazuia mvua ya nje na kufungia unyevu wa ndani, na chuma cha baridi kikiguswa na hewa ya vuguvugu hutoa jasho. Tumia kitambaa kinachopumua. Kwa hoja hiyohiyo, gereji yenye joto ambamo gari huingia kila jioni likidondosha theluji yenye chumvi ni mbaya kuliko kibanda cha mbao chenye baridi kavu. Watu hawaamini hili, lakini chumvi inayomwagwa barabarani hutua sakafuni, hewa ikawa na unyevu, na alumini ya injini ikaanza kutoa unga mweupe.

Chumvi inanileta kwenye kesi ya upande wa pili, ya mtu aliye Stuttgart na pikipiki yake ikiwa Tanga au Kilifi, akiipanda Desemba tu anapokwenda likizo. Huko hakuna theluji, lakini chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75, na Pwani inavuka kiwango hicho asubuhi nyingi za mwaka. Upepo wa bahari unaipaka pikipiki chumvi mwaka mzima, na joto linaongeza kasi ya betri kujimaliza. Mavu nao hawachelewi kujenga ndani ya ekzosti.

Hapo ushauri wangu unageuka. Ujerumani ilaze kabisa, maana huna namna nyingine. Nyumbani mpe mtu aiendeshe. Mdogo wako akienda nayo sokoni na kurudi mara moja kwa wiki, nusu saa bila kuzimwa, ataitunza kuliko turubai lolote, hata kama ataipakia magunia kidogo. Mlipie bima na oili, ayajue makubaliano. Akikwambia "usijali, huwa naiwasha hapa uani", muombe aache.

Na kama hukumpata wa kumwachia, ukifika usikimbilie kupiga kiki. Mwaga petroli ya mwaka jana, fungua bakuli la kabureta uone rangi yake. Chomoa plagi, tia kijiko cha oili kwenye silinda, uzungushe injini polepole kwa mkono ili ringi zilizokauka zilowe. Kagua breki kabla ya kutoka getini. Diski na ngoma huwa zimevaa kutu nyembamba, na mita mia za kwanza hazishiki unavyotarajia. Betri mpya nunua kwa fundi wa mtaani siku hiyohiyo. Kuibeba kutoka Ulaya kwenye begi si wazo zuri; watu wa uwanja wa ndege wataitoa, na wana haki.