Mama, chunguza kinyesi cha mtoto kabla ya kutupa nepi

Mtoto mchanga akipitisha siku tatu bila kwenda choo, nyumba nzima huwa na la kusema. Nyanya anasema tumbo limefunga, jirani analeta maji ya glukosi, na mwingine anashauri kipande cha sabuni kitiwe kwenye njia ya haja kubwa. Mama, kabla hujakubali lolote kati ya hayo, keti kwanza tuelezane.

Kinyesi cha kwanza huwa cheusi na cha kunata kama lami. Watoto wengi hukitoa katika saa 24 za kwanza. Saa 48 zikipita bila kitu, huenda utumbo una kasoro na ni lazima daktari amwone. Baadaye kinyesi hugeuka kijani, na kufikia siku ya tano huwa cha manjano, laini, chenye chembechembe kama mbegu. Usidhani anahara. Anayenyonya ziwa la mama anaweza kuchafua nepi kila anaponyonya. Kuhara ni pale choo kinapobadilika ghafla kuwa maji matupu na kuzidi kawaida yake.

Katika mwezi wa kwanza, mtoto wa ziwa anayepata choo chini ya mara mbili kwa siku huenda hashibi. Mpeleke akapimwe uzito. Lakini akifikisha wiki sita hivi mambo hubadilika, na anaweza kumaliza hata wiki nzima bila choo. Ikiwa ananyonya vizuri, anaongeza uzito, tumbo si gumu, na choo kikija ni laini, hajafunga choo. Hata akiguna na kuwa mwekundu usoni, anajifunza tu kusukuma. Aliyefunga choo hutoa vigololi vikavu kama vya mbuzi. Sabuni basi ya nini? Huwasha na kuchubua utumbo.

Anayelishwa maziwa ya kopo hutoa choo kizito zaidi chenye harufu kali. Fuata kipimo cha kwenye kopo. Unga ukizidi, choo hukauka.

Sasa kuna rangi moja ambayo wengi hawaijui, nayo ni nyeupe au kijivu kama udongo wa mfinyanzi. Kinyesi hupata rangi yake kutokana na nyongo. Kikipauka, huenda mirija inayotoa nyongo kwenye ini imeziba, hasa ikiwa macho ya mtoto bado ni ya manjano baada ya wiki mbili na mkojo wake ni wa rangi nzito. Wengi humwanika mtoto juani asubuhi wakingoja manjano yaishe. Jua halizibui mirija! Upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya miezi miwili, kwa hivyo usingoje kliniki ya chanjo ya wiki sita.

Damu kwenye choo, au choo cheusi kikirudi baada ya siku zile za mwanzo, pia ni jambo la daktari. Naye mtoto anayetapika matapishi ya kijani, aliyevimba tumbo, anayekataa kunyonya au mwenye joto la digrii 38 na zaidi, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane. Beba ile nepi kwenye mfuko wa plastiki. Daktari akiiona kwa macho yake, hatabaki kukisia rangi unayomwelezea.