Nta ya Tabora na Mafuta ya Kakao

Mafuta ya kakao yana tabia moja iliyoyapa thamani duniani: nje ni magumu, yakifika mdomoni huyeyuka. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ambalo ni 37. Kwa sababu hiyo chokoleti hulainika ulimini, na wafamasia wakayachagua kutengenezea dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa. Lakini tabia hiyohiyo ni mkosi penye jua kali. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, joto la mchana hupita nyuzi 30, na dawa ya aina hiyo inaweza kulainika kabla ya kumfikia mgonjwa. Mafundi wa dawa wana jibu la siku nyingi: ongeza nta ya nyuki, asilimia chache tu, na mchanganyiko utastahimili joto zaidi. Ikizidi, dawa haitayeyuka hata ndani ya mwili.

Kakao ya Tanzania hutoka zaidi Kyela, mkoani Mbeya. Nta ipo Tabora kwenyewe, katika misitu ya miombo ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua. Richard Burton na John Speke walipowasili Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, walipita katika nchi ambayo mizinga ilikuwa imetundikwa mitini. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilibeba pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa bei ndogo kama nta haukulipa kwa mwendo wa miezi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, bidhaa za aina hiyo zilipata njia ya kufika pwani.

Nta haikusanywi mauani kama chavua. Nyuki kibarua huitoa mwilini mwake, kwenye tezi nne kila upande wa chini ya tumbo, hasa akiwa na umri wa kati ya siku 12 na 18. Hutoka kama magamba membamba yanayong'aa, naye huyatafuna na kuyajengea sega. Gharama yake ni kubwa: inakadiriwa kwamba nyuki hula kilo sita au zaidi za asali ili watoe kilo moja ya nta. Anayetupa masega, basi, anatupa asali iliyokwisha kulipwa.

Sehemu kubwa ya nta ni esta, yaani asidi za mafuta zilizoungana na alkoholi zenye minyororo mirefu ya kaboni. Urefu huo ndio unaoifanya iyeyuke kwenye nyuzi 62 hadi 65, juu sana ya mafuta ya kakao. Tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Ndege yule anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki anaiweza, naye hufuata nta zaidi ya asali. Padri Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala karne ya 16, aliandika kuhusu ndege waliokula mishumaa kanisani mwake.

Kwa kuwa haimeng'enywi na haina sumu, viwanda vya chakula huitumia kung'arisha peremende na kufunika matunda. Kwenye lebo huandikwa E901. Kwa malhamu na krimu, historia yake inarudi hadi kwa tabibu Galeni wa karne ya 2, anayetajwa kuwa alichanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Mwaka 1892 daktari mpasuaji Victor Horsley wa London alieleza jinsi ya kuzuia damu inayovuja kwenye mfupa wa fuvu kwa kuupaka nta iliyochanganywa na mafuta. Dawa ya midomo iliyokauka inayouzwa leo mara nyingi ni nta ya kuipa ugumu na mafuta ya kakao ya kuipa ulaini.

Nta ya Tabora ina sifa ambayo nchi tajiri zinaitafuta. Ulaya wafugaji huwarudishia nyuki nta ileile ikiwa karatasi za kuanzishia masega, na mabaki ya dawa za kuua utitiri hujilimbikiza ndani yake mwaka hadi mwaka. Katika mizinga ya asili ya miombo sega zima hutolewa na nyuki hujenga upya, bila dawa yoyote. Hatari kwake ni msitu kutoweka: kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na hata mizinga ya magome, maana mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Kwa maoni yangu, kila mzinga mpya ungekuwa wa mbao.

Kwa anayerina: usiyatupe masega wala machicha ya wanzuki, pombe ya asali. Yachemshe katika maji ndani ya sufuria ya alumini, si ya chuma wala ya shaba, ambazo huitia nta rangi mbaya. Usiiweke motoni bila maji, kwani huungua na kuweza kuwaka. Chuja kwa kitambaa, acha ipoe polepole, kisha kwangua uchafu wa chini. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapohapo Tabora, nenda ukaulize.