Sindano ya Goti Hupita Tumboni

Mvua ndefu zikikolea na majani ya chai yakachipua kwa fujo, wateja wa duka la dawa huku Sotik hubadilika sura. Wachuma chai ndio hujaa dirishani, wengi wao akina mama waliopita miaka hamsini, na ombi lao ni moja: "Daktari, nitafutie diclo ya sindano. Vidonge vinanichoma tumbo." Mimi si daktari, ni mfamasia, lakini hapa cheo hicho hugawiwa kwa ukarimu. Kinachonishughulisha ni ile sababu yao.

Ukiisikia mara ya kwanza utaikubali. Kidonge hushukia tumboni, sindano hudungwa takoni. Basi mwenye vidonda vya tumbo adungwe, yaishe. Ingekuwa hivyo kama hiyo diclo, yaani diklofenaki, ingeliumiza tumbo kwa kuligusa tu. Madhara yake makubwa hayapiti njia hiyo.

Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha jinsi aspirini na ndugu zake zinavyotuliza maumivu: huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Gotini, gegedu likishalika, kemikali hizo huleta uvimbe, joto na yale maumivu ya kupanda mteremko na kikapu mgongoni. Ila tumboni zina kazi nyingine. Huko huhimiza ute unaozuia asidi isile kuta za tumbo. Figoni husaidia mishipa midogo ibaki wazi ili damu ichujwe. Diklofenaki ni mmoja wa ndugu hao, na ikishaingia kwenye damu, iwe kwa mdomo, kwa sindano au kwa kidonge cha njia ya haja kubwa, haina steji yake ya kushukia kama abiria wa matatu ya Kaplong. Inazunguka mwili mzima, inazima kotekote.

Kula kwanza kunasaidia, hasa kwa watu wetu wanaotoka alfajiri na kikombe cha chai tu. Chakula hupunguza ule mchomo. Hakikingi vidonda. Na dawa yenyewe ni ya maumivu, kwa hiyo kidonda kinaweza kukua kimya, mwenye tumbo asihisi kitu mpaka siku choo kinapotoka cheusi kama lami au anapotapika kitu kama masalio ya kahawa. Hapo hakuna kusubiri kesho. Ni kwenda hospitali yenye kamera ya kuchungulia tumbo, na kwa bahati Bomet tunayo Tenwek, ambayo imeizoea kamera hiyo kwa sababu ya saratani ya umio iliyotuandama miaka mingi.

Aliyewahi kuwa na vidonda aseme kabla ya kuandikiwa. Anaweza kupimwa bakteria wa H. pylori na kutibiwa kwanza, au kupewa omeprazoli ya kumeza pamoja na dawa ya viungo. Au akapewa kitu kingine kabisa.

Sasa hesabu kidogo. Kiwango cha juu cha diklofenaki kwa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku. Mama anadungwa sindano asubuhi, miligramu 75. Jioni anameza kidonge kinachoyeyuka polepole, miligramu 100. Tayari ni 175, na bado hajaongeza Brufen ya jirani, ambayo ni ya ukoo uleule, wala kidonge cha kichwa cha dukani chenye aspirini ndani. Dawa mbili za ukoo huu hazileti nafuu mara mbili. Zinachojumlisha ni madhara.

Ninaowahofia zaidi ni wa presha. Anayemeza enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza maji, kisha akaongeza diklofenaki, amezibana figo pande tatu, na akiharisha au akishinda juani bila maji zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Huko Asia Kusini tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa na dawa hiihii. Figo zao ziliharibika, na mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Sisi tunastahimili kuliko ndege hao, lakini nikiona miguu imevimba na mkojo umepungua huwa nawakumbuka.

Moyo nao umo. Rofekoksibi, dawa ya ukoo huu iliyosifiwa kwa kuwa mpole tumboni, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki pia haifai kwa aliyewahi kupata mojawapo. Na wapo kati yetu waliobadilishiwa vali za moyo, wanaomeza wafarini ya kuzuia damu isigande kila siku: hao wasiguse diclo wala Brufen bila kumuuliza anayewatibu, maana wanaweza kuvuja damu. Vivyo hivyo mjamzito, hasa akishapita wiki ya 20.

Kwa goti au vidole vilivyochakaa, mimi hupenda kuanza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Wazee huidharau kwa kuwa haichomi kama sindano, na dawa isiyochoma, kwao, haijafanya kazi. Paka wiki mbili kabla ya kuihukumu, huku ukinyoosha na kukaza misuli ya paja kila jioni ukiwa umeketi. Vidonge vikihitajika, viandikwe na daktari, viwe vya kiwango kidogo, vya siku chache, viachwe maumivu yakipungua. Anayelazimika kuendelea kwa miezi apimwe damu ya figo na presha.

Ukija dirishani, kogo, yaani bibi, njoo na dawa zote za nyumbani, hata ule unga wa viungo ulionunua sokoni. Katika nchi kadhaa, bidhaa zilizouzwa kama mitishamba mitupu zimekutwa na diklofenaki au steroidi ndani.

Na kama goti moja limevimba ghafla, lina moto, na mwili una homa, usinunue chochote kwangu. Hilo ni la hospitali, siku hiyohiyo.