Baada ya pikipiki mbili za mahasimu, ya tatu nichague ipi?

Jioni moja tumekaa barazani, kahawa yazunguka, pikipiki kubwa ikapita ikinguruma mpaka vikombe vikatikisika. Mazungumzo yakakatika. Ilipopotea, mzee mmoja akanigeukia: "Na wewe bwana, nasikia warudi tena kwenye michezo hiyo. Haya, wataka ipi?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nimemiliki mbili kabla, za makampuni mawili yanayoshindana miaka nenda miaka rudi, na bado swali hilo lilinishinda.

Majina ya zile mbili sitayataja. Nikiyataja, vijana wataacha kusoma waanze kubishana. Itoshe kusema ya kwanza ilikuwa ya cc 600 na ya pili ya cc 1000, zote za Kijapani. Ya pili niliiuza miaka minne iliyopita, wiki chache baada ya kumzika rafiki yetu aliyeteleza kwenye mchanga usiku, njia ya Malindi. Tangu siku hiyo mama watoto hajanikataza kupanda pikipiki. Alisema neno moja tu: "Ukinunua nyengine, nunua itakayoniacha nilale."

Makala haya ni hesabu niliyoipiga kutokana na neno hilo. Huenda ikamfaa mwengine mwenye pesa mfukoni na moto moyoni.

Supabaiki ni nini hasa

Wengi wetu huita supabaiki kila pikipiki yenye plastiki za kufunika injini na mlio wa kuamsha mtaa. Kwa wenyewe, ni pikipiki iliyoundwa kwa umbo na mitambo ya mashindano, kisha ikatiwa taa, vioo na nambari ili ipate ruhusa ya barabarani. Mashindano ya dunia ya pikipiki hizi yalianza 1988, na sharti lake kubwa ni kwamba inayoingia uwanjani lazima itokane na ile inayouzwa dukani. Kwa hivyo makampuni hupigana mara mbili, kwanza uwanjani na kisha dukani.

Vita hivyo vina historia yake. Mwaka 1985 Suzuki ilitoa GSX-R750, yenye fremu ya aluminiamu na mwili mwepesi. Mwaka 1992 Honda ikajibu kwa CBR900RR Fireblade, injini ya cc 893 katika mwili wa kilo 185 kabla ya kutiwa mafuta na maji. Yamaha ikaleta R1 mwaka 1998: cc 998, kilo 177, nguvu za farasi 150. Mwaka 2001 Suzuki ikarudi na GSX-R1000 yenye nguvu 160. Kawasaki ikaingia na ZX-10R mwaka 2004, na mwisho wa mwongo huo BMW ya Ujerumani ikawashtua Wajapani kwa S1000RR yenye nguvu 193. Honda CBR1000RR-R iliyotoka 2020 yapita 210.

Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini vimeundwa kwa ajili ya nani?

Hesabu ya nguvu

Bodaboda ya cc 150 inayokupeleka Kongowea ina nguvu za farasi kama 12 hivi. Supabaiki moja ni kama bodaboda kumi na tano zimefungwa pamoja chini ya kiti kimoja. Sheria yetu mjini ni kilomita 50 kwa saa, na hata barabara kuu ukomo wa gari dogo ni 110. Pikipiki hizi huipita 110 zikiwa bado gia ya kwanza.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la zamani. Nilipotoka kwenye cc 600 kwenda cc 1000, nilinunua karatasi. Nililinganisha nguvu, nikachukua iliyozidi. Ukweli ni kwamba baina ya Mtwapa na Kilifi hakuna mwanadamu anayeweza kuitambua tofauti ya nguvu 200 na 215. Atakayoitambua ni tofauti ya injini inayovuta vizuri ikiwa mizunguko ya chini na ile inayolala mpaka uikoroge. Sisi huku hupanda polepole, tukakwepa matuta, tukapisha matrela. Basi nguvu ya chini ndiyo tunayoitumia kila siku, na ile ya juu hukaa bure, ila siku ya kishawishi.

Injini zenyewe hazifanani

Nyingi za Kijapani zina silinda nne zilizojipanga safu moja, na hupiga moto kwa zamu zinazolingana. Matokeo yake ni injini laini, yenye mlio mwembamba unaopanda kama filimbi. Yamaha ilivunja desturi hiyo mwaka 2009 kwa kuipa R1 krenki ambayo pini zake zimepishana kwa nyuzi 90, hivyo moto hupigwa kwa zamu zisizolingana. Mlio wake ni mzito, na wanaoipenda husema mkono wa kulia huhisi tairi la nyuma vizuri zaidi.

Ducati ya Italia ina njia yake. Panigale V4 ya 2018 ina silinda nne zilizopangwa umbo la V, na valvu zake hazifungwi na springi bali hufungwa na mkono wa chuma. Ni ufundi wa hali ya juu, lakini valvu hizo zataka kupimwa kila kilomita 24,000, na si kila fundi mwenye spana anaweza kuzigusa.

Suzuki nayo, kuanzia GSX-R1000 ya 2017, iliweka vigololi vya chuma kwenye gia ya kuendeshea valvu. Injini ikizunguka kwa kasi, vigololi hurushwa nje na kubadilisha wakati wa valvu kufunguka. Kwa hivyo injini hupata nguvu ya juu bila kuinyima ile ya chini. Hakuna umeme wala pampu humo, ni mzunguko tu.

Mwili wako ndio kipimo

Pikipiki yangu ya pili ilikuwa ndefu kwangu. Nikisimama kwenye foleni ya feri Likoni, miguu ilikuwa ncha za vidole tu, na kilo mia mbili zikiniegemea. Siku moja mbele ya abiria nilishindwa kuizuia, ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia ila heshima yangu, na plastiki moja iliyonigharimu zaidi ya nilivyofikiri.

Tangu hapo natazama kimo cha kiti kabla ya nguvu. R1 ya kuanzia 2015 ina kiti cha milimita 855. ZX-10R ya 2021 ni 835, Fireblade ya 2020 ni 830, GSX-R1000R ni 825. Milimita thelathini kwa kusoma ni kidogo, lakini kwa mtu wa kimo changu ndizo zinazotenga kisigino na ardhi. Uzito wao haupishani sana, zote ni kama kilo mia mbili zikiwa na mafuta. Kaa juu yake robo saa ukiwa umeshika usukani. Mkono ukiuma dukani, ukifika Watamu utalia.

Kompyuta haiumbi mshiko

Jambo moja limebadilika kweli tangu nilipoanza. R1 ya 2015 ilikuja na kihisi kinachopima pikipiki imelala kiasi gani, pua imepanda au imeshuka, na mahasimu wake nao sasa wanacho. Kompyuta ikiona gurudumu la nyuma laanza kuteleza, hupunguza nguvu kabla hujatambua. Breki za ABS nazo hujua kama uko kwenye kona, zisikunyanyue ghafla.

Kwangu hili si pambo. Kama bajeti yako yaruhusu kuchagua baina ya yenye nguvu zaidi isiyo na vitu hivi na yenye nguvu kiasi iliyo navyo, chukua ya pili. Lakini tusidanganyane. Kompyuta yaweza kugawa mshiko uliopo, haiwezi kuuumba pale usipokuwapo. Mchanga wa pwani juu ya lami, au oili iliyomwagwa na lori Mazeras, hauna kompyuta.

Mambo ya huku kwetu

Hewa ya chumvi haichagui kampuni. Cheni, skrubu na bomba la moshi hushikwa na kutu mapema. Oshea maji matamu, kausha, paka cheni mafuta yake, na usiiache imefunikwa ikiwa na unyevu.

Joto ni adui wa pili. Injini hizi hupozwa na upepo unaoingia kwa mbele, na kwenye foleni upepo huo haupo. Feni itazunguka na mapaja yatachomeka. Hakikisha feni na maji ya radieta viko sawa kabla ya kulipa.

Tatu ni tairi. La mbele karibu zote ni 120/70 na la nyuma upana wa 190 au zaidi, rimu ya inchi 17. Fundi wa tairi za bodaboda hana kitu hicho. Uliza bei na upatikanaji kabla, na usome ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2316, hilo ni la wiki ya 23 ya 2016. Hata kama lang'aa, mpira wake umezeeka.

Kwa iliyotumika, tazama ncha za mikono ya klachi na breki, na vituo vya usukani kwenye fremu. Vikiwa na makovu, imeanguka. Linganisha nambari ya fremu na ya injini na zile za logibuku, na umiliki ubadilishwe rasmi kabla pesa zote hazijatoka mkononi. Ikiwa yaagizwa nje, pata hesabu kamili ya ushuru na masharti ya umri kutoka kwa wakala wa forodha kabla ya kutuma hata shilingi.

Nilichochagua

Mwisho wa yote nilichukua GSX-R1000R iliyotumika, ya kilomita chache. Si yenye nguvu kuliko zote wala si mpya kuliko zote, na barazani wamenicheka. Nimeichagua kwa kuwa visigino vyangu vyafika chini, injini yavuta kutoka chini, kihisi kiko, na fundi ninayemwamini aijua. Mwengine akipiga hesabu hiyo hiyo kwa mwili wake na fundi wake, huenda akaangukia Honda au Kawasaki, na atakuwa amepatia.

Kabla ya kuilipia nilitenga fungu la kofia yenye alama ya ECE, glavu, buti na koti. Sheria yataka kofia na jaketi la kung'aa kwa dereva na abiria wake mmoja. Mwili wataka zaidi ya sheria. Rafiki yetu alikuwa na pikipiki nzuri kuliko hii, na miguuni alikuwa na ndara.

Nimejiwekea na ahadi tatu: sipandi usiku nje ya mji, sishindani na mtu barabarani, na nikifika natuma ujumbe. Juzi nilitoka alfajiri hadi Kilifi nikarudi kabla ya jua kali. Ujumbe wangu haukujibiwa. Nilipofungua mlango, mama watoto alikuwa bado amelala.